Koili Nne za Mke Mwenza

Jumatatu, 12 Machi 1934. Kibiti.

Mzungu wa pamba alipohama aliniachia vitu viwili: gari na daftari hili. Miaka miwili nimelihangaikia gari, daftari nimelifungia sandukuni. Leo nimelitoa kwa sababu nyumba iko kimya, na mimi kukaa kimya sijui.

Mwajabu ameondoka. Amekwenda kwao Chumbi, ng'ambo ya mto, kulinda mpunga pamoja na mama yake. Hilo si neno, kila mwaka huenda. Neno ni yale aliyoniambia mlangoni, mkeka kichwani, kibuyu mkononi.

"Mwinjuma," alisema, "kwetu wananiambia nina mke mwenza wa chuma. Sikatai. Lakini mke mwenza naye ana zamu yake ya kazi. Siku ya Maulidi n'takuwa kivukoni Ndundu, ng'ambo ile ya mto. Nikimsikia amekuja kunichukua, n'navuka. Nisipomsikia, kesho yake nakwenda Utete kwa liwali kudai talaka yangu."

"Na nikija kwa miguu?"

"Miguu unayo siku zote. Hujaitumia kunifuata." Akafika uani, akageuka tena. "Na kile kitanda chako kinatoka jasho. Nimekwambia mara mia."

Nikacheka. Nikamwambia atokaye jasho ni yeye, si kitanda. Hakucheka.

Kisa chake nakijua. Mwaka jana nilimpeleka arusini Ikwiriri, gari likafa katikati ya tope, akasukuma na kanga zake mpya huku wageni wa arusi wakipita kwa miguu na kumwuliza habari za safari. Tangu siku ile gari limekuwa kama mtu wa tatu ndani ya nyumba. Na kweli mimi nikiinuka barazani, nilikoshinda nacheza bao, huenda kwanza kulitazama gari ndipo niingie ndani. Sikujua kwamba alikuwa anahesabu.

13 Machi

Nimekula muhogo mkavu. Nimesahau chumvi.

Jumatatu, 19 Machi

Ugonjwa wa gari ni koili. Gari hili huwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, nalo lina silinda nne, na kila silinda ina koili yake: kijisanduku cha mti, ndani waya na lami, juu ulimi mdogo wa chuma unaovuma kama nyuki ukipata umeme. Koili zote nne hukaa katika sanduku moja kubwa la mbao, mbele ya miguu ya abiria. Joto la kaskazi liliyeyusha lami ya koili zangu, na sanduku kubwa likaliwa na mchwa. Likabaki vumbi lenye umbo la sanduku.

Leo Zaidi, dereva wa lori la mizigo la Dar es Salaam, ameniletea koili nne nilizomwagiza, zimefungwa guniani.

"Zimetoka kwenye gari lililolala," akasema, "lakini zenyewe hai."

Nikaziweka mezani, nikaunga betri. Moja baada ya moja zikavuma, cheche ya buluu ikaruka. Nilitamani Mwajabu angeona. Halafu nikakumbuka kwamba angeziona angeniuliza kama zinakoboa mpunga.

Sanduku kubwa atanitengenezea Mshamu, seremala, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mtani wangu na mshindani wangu wa bao. Akaniletea mbao za mkoko.

"Mti huu," akaugonga kwa kifundo cha kidole, "umelala kwenye tope la mkondo kule Mbuchi, deltani, miezi minane, maji ya chumvi yanaingia, yanatoka. Mchwa akiuonja anatubu."

Maneno ya kweli. Huku kwetu mti usiolowekwa delta tunauona mti mtoto. Nyumba yangu yote ni mkoko wa kulowekwa: boriti, milango, hata matendegu ya kitanda aliyoyachonga Mshamu huyuhuyu nilipooa.

Jumanne, 27 Machi

Limewaka! Hendeli mara mbili tu. Nimelizungusha mbele ya msikiti, nimerudi. Kesho alfajiri naenda kumchukua mke wangu, sitangoja Maulidi. Nimeosha kanzu.

28 Machi

Masika imeingia. Mvua kubwa. Gari kimya.

29 Machi

Mvua. Kimya. Nimepiga hendeli mpaka bega limevimba.

2 Aprili

Jua. Limewaka. Nimekimbia ndani kuchukua kanzu na kofia, nikaenda kumuaga Mshamu, yuko shambani. Nimerudi, wingu limetanda. Mvua. Limekufa kabla sijatoka uani.

3 Aprili

Kimya.

Alhamisi, 12 Aprili

Nimegombana na Zaidi. Alisimamisha lori lake kupoza maji, nikamfuata nikamwambia mbele za watu kwamba ameniletea maiti nne guniani.

Alikuja nyumbani, akang'oa koili ya kwanza sandukuni, akaiweka mezani, akaunga betri. "Shika hapa," akasema. Nikashika. Nikajikuta nimekaa chini, mkono umekufa mpaka kwapani, na watu wote waliotufuata wanajipigapiga mapaja.

"Imekufa?" Zaidi akauliza.

"I hai."

"Tujaribu ya pili?"

Nikamwambia ya kwanza inatosha. Akainywa chai yangu yote, akapanda lori lake, akaenda zake. Nimemwonea. Nikimwona tena nitamwomba radhi, ingawa mkono bado unauma.

Sasa basi, kama koili ni nzima, kwa nini mezani zinavuma na garini zinanyamaza? Nimelitazama swali hilo mpaka limenichosha. Nimetoka, nimeingia, nimetoka. Nimefagia ua uliokwisha fagiwa.

15 Aprili

Jua. Limewaka. Mto umefurika, wanasema barabara ya Ikwiriri haipitiki. Nimelizima mwenyewe kwa hasira.

17 Aprili

Mvua. Kimya.

Ijumaa, 20 Aprili

Nimeliona jambo, na silipendi. Siku za jua gari linawaka. Siku hizo Mshamu yuko shambani kwake. Siku za mvua Mshamu haendi shamba, huja kukaa barazani kwangu, tunaweka bao katikati, na siku hizo gari halitamki neno. Nimehesabu nyuma tangu mwezi wa tatu. Haikukosea hata mara moja.

Ni mtani wangu. Lakini nimemfunga bao mwaka mzima, na ninaye gari, na yeye ana randa tu. Binadamu ni binadamu. Leo alipokuja nilimtazama mikono badala ya kete, nikafungwa.

Jumamosi, 28 Aprili

Shemeji yangu Shaabani, nduguye Mwajabu, amekuja kununua chumvi. Nilimkaribisha vizuri, nikamchinjia kuku, nikangoja anipe salamu. Anakula polepole mtu yule.

Ananiambia dada yake anakaa juu ya dungu kuanzia alfajiri, anapiga debe kufukuza ndege na nguruwe. Juzi kiboko aliingia bondeni, akala robo ya jaruba lao. Mwajabu alimtupia kinga cha moto kutoka juu, akimtukana kwa jina langu.

"Kwa jina langu?"

"Alimwita Mwinjuma, shemeji. Sijui kwa nini."

Hajaniulizia afya wala chakula. Ujumbe wake ni mmoja: kitanda bado kinatoka jasho? Nikasema mwambie hana adabu. Kisha nikasema usimwambie hivyo. Kisha nikasema mwambie gari linakaribia kupona.

"Niseme lipi, shemeji?"

"La mwisho."

Alipoondoka nimeona jinsi nyumba ilivyo kubwa. Ina vyumba viwili tu.

Alhamisi, 3 Mei

Nimefanya jambo baya, au jambo la haki, bado sijui.

Mvua tangu asubuhi. Mshamu akaja, kajifunika gunia, anacheka, kanibebea mhindi wa kuchoma. Akapitisha mkono juu ya boneti kama mtu anavyompapasa ng'ombe. "Hajambo mke mdogo?" Akautia utani wake wa siku zote, nami nikasimama.

"Mshamu, unalifanyia nini gari langu?"

Alidhani natania. "Nalisomea."

"Kila ukija linakufa. Ukienda shamba linafufuka. Unalifanyia nini?"

Akaacha kucheka. Aliuweka ule mhindi juu ya bao, taratibu, akasema, "Mimi n'mekuchongea kitanda cha ndoa yako, Mwinjuma. N'mekuchongea na jeneza la baba yako." Akavaa gunia lake akaondoka mvuani.

Mhindi nimempa kuku. Bao nimeliingiza ndani. Ni bao la baba yangu, la mninga, lina umri kunizidi, mikono imelisugua mpaka linang'aa. Sina wa kucheza naye.

4 Mei

Mvua. Mshamu hakuja. Gari halikuwaka. Nimejiambia uchawi wake unafika hata akiwa kwake.

8 Mei

Mvua.

9 Mei

Mvua. Barazani wanasema nilifuate deni langu la ndoa kwa miguu kama wanaume wengine. Nimewaambia mtu akipewa sharti hulitimiza sharti, halitimizi jingine. Wote wakaniunga mkono, na hapo ndipo nilipojua nimesema upuuzi.

Jumamosi, 19 Mei

Siku nne za jua. Barabara imekauka. Alhamisi niliondoka kabla watu hawajatoka msikitini, bila kumwambia mtu. Gari liliimba! Nilipita mashamba, watoto wakakimbia nyuma, nikapiga honi bila sababu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia Mwajabu.

Nusu ya njia, wingu likaja kutoka baharini. Sikulijali. Mvua ikaanza, nikawa nasema, bado kidogo, bado kidogo. Silinda moja ikanyamaza. Ya pili. Gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, likasimama.

Nilikaa ndani nikisikiliza mvua juu ya turubai. Palikuwa pori tupu. Hapakuwa na Mshamu.

Wavunaji kumi na mbili walilivuta kwa kamba siku mbili mpaka Kibiti, wakiimba wimbo walioutunga palepale kuhusu bwana arusi aliyemwoa ng'ombe asiyetembea. Wimbo una beti nyingi. Leo asubuhi nimemsikia mwanamke jirani akitwanga nao.

Nimepita mbele ya mlango wa Mshamu mara tano. Nimeshindwa kubisha hodi.

26 Mei

Nimesafisha plagi. Zilikuwa safi.

30 Mei

Nimebadilisha waya wote. Hakuna kitu.

Jumanne, 5 Juni

Homa siku ya tatu. Naandika nimelala.

Mchana wa leo mvua ilikuwa ya manyunyu, hewa nzito. Homa ilinishika, nikanyoosha mkono kutafuta kitu cha kushika, nikashika tendegu la kitanda. Limelowa. Nikatazama juu, paa halivuji. Nikafuta kwa shuka. Nikangoja kidogo, nikashika tena. Limelowa tena, maji membamba kama yanayotoka kwenye paji la uso la mtu mzima. Nikaweka kidole ulimini.

Chumvi.

Kitanda kinatoka jasho. Miaka minne ameniambia, na miaka minne nimemcheka.

Nililala nikitazama boriti, na boriti zote zilikuwa zinang'aa unyevu. Mti huu ulikunywa chumvi miezi minane ili mchwa asiuonje, na chumvi haisahau maji. Kila mpishi anajua: acha bakuli la chumvi wazi wakati wa masika, asubuhi utakuta tope. Mti wenye chumvi huivuta mvua kutoka hewani hata ukiwa chini ya paa. Na umeme ukikuta maji ya chumvi, unapita humo, hauna haja ya kuruka cheche. Koili zangu nzima nimezifungia ndani ya sanduku linalotoka jasho. Siku ya jua linakauka, gari linawaka. Siku ya mvua linalowa, gari linakufa, na Mshamu naye, kwa kuwa mvua haimruhusu kulima, yupo barazani anacheka.

Nimelia. Nitasema ni homa, lakini si homa.

Jumatano, 6 Juni

Nilikwenda kwa Mshamu nikitetemeka, nimejifunga shuka. Alikuwa anapiga randa, hakuinua uso.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema. "Nilikudhania ubaya. Ni mti."

"Mti upi?"

"Mkoko. Unatoka jasho."

Akaacha randa. Nilimweleza yote: tendegu, chumvi, sanduku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya benchi lake.

"Basi kosa langu vilevile," akasema. "Mti n'lichagua mimi."

"Mti ulichagua kwa wema. Maneno nilisema kwa ubaya."

Akanishika paji la uso. "Homa yako imepanda, mtani. Kaa chini kabla sijakuchongea na wewe jeneza."

Nikakaa. Nimekuwa nikilingoja neno lile "mtani" mwezi mzima bila kujijua.

Shida ikabaki ya mbao. Tunataka mti usioonja bahari, na mkavu. Mbao zake zote ni za Mbuchi. Mninga anao, lakini mbichi, umekatwa juzi, na hauwezi kukauka kabla ya Maulidi. Tukauliza mtaani. Kila mlango, kila dirisha, mkoko. Kibiti yote imelala juu ya chumvi.

Mshamu alijua kabla yangu. Naliona hilo sasa: alikuwa anatazama chini, hakutaka kuwa yeye wa kulitaja. Mti mkavu uliobaki ulikuwa bao la baba yangu.

Jumamosi, 9 Juni

Tumelikata.

Nililishika mimi, Mshamu akapiga msumeno. Aliniuliza mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia, "Nimeshinda juu ya bao hili nikisema nakuja, nakuja, chakula kikipoa ndani. Kata." Vumbi la mninga lilinuka kama kanzu za baba yangu. Kete sitini na nne nimezitia mfukoni, zinanigonga pajani nikitembea.

Vipande tumevichemsha ndani ya nta ya nyuki iliyotoka Mloka, sufuria nzima, mpaka mapovu yakaisha. Mti uliokunywa nta hauna nafasi ya kunywa maji. Mshamu ameviunga bila msumari hata mmoja. Pembeni mwa sanduku limebaki shimo moja la bao, nusu yake. Hakuliziba, nami sikumwambia alizibe.

Ijumaa, 15 Juni

Mwezi wa Maulidi umeandama. Mvua ya mchoo, ile ya baada ya masika, imenyesha asubuhi, nzuri, nzito. Nimekaa garini mvuani kwa makusudi. Hendeli mara moja. Koili zote nne zikaimba.

Mshamu alitoka mbio, mdomo wazi, akaimba ule wimbo wa ng'ombe asiyetembea kwa kuupindua maneno.

22 Juni

Siwezi kula. Je, kama amebadili nia?

Jumanne, 26 Juni

Nitaandika ya jana.

Niliondoka alfajiri, mvua ikinyesha. Nilipita pale gari lilipokufa, sikupunguza mwendo. Ikwiriri watu walisimama kutazama. Adhuhuri nilikuwa ukingoni Ndundu, na mto mbele yangu, mpana, wa kahawia, mitumbwi miwili mitatu inavusha watu wa Maulidi.

Sikulizima gari. Alisema akimsikia atavuka, basi asikie. Nililiacha likinguruma, nikapiga honi, nikasimama juu ya kiti kutazama ng'ambo. Matete tu, na watu wadogo nisioweza kuwatambua. Mtumbwi ukaja, si yeye. Mwingine, si yeye. Nikapiga honi tena. Wavushaji wakaniomba nipumzike, nilikuwa nawatisha mbuzi wao.

Alasiri ikaingia. Mafuta yalikuwa yanapungua, nami nikawa napima: yakiisha sitarudi nyumbani, nikilizima, hatasikia. Nilizunguka gari mara nyingi kiasi cha kuacha njia kwenye majani. Nilikasirika. Nimefanya kila alilotaka! Nimelikata bao la baba yangu! Gari hilo hapo, linanguruma mvuani!

Halafu nikasikia ninavyosema: gari, gari, gari. Nimefika nusu saa kwa mtumbwi kutoka kwa mke wangu, na nimesimama namlinda mke mwenza.

Nikalizima. Kimya kilichofuata kilinitisha. Sikulifunika turubai, sikumpa mtu kulilinda. Nikateremka ukingoni na viatu mkononi, nikamwambia mvushaji, "Nipeleke ng'ambo kwa mke wangu."

"Huyo pale anakuja," akasema.

Mtumbwi ulikuwa umeshatoka ng'ambo. Mwajabu alikaa mbele, mwavuli wa majani kichwani, kapu la mchele mpya mapajani. Ulipogusa tope niliingia majini mpaka magotini kumpokea. Hakunipa kapu. Alinitazama kanzu iliyolowa, miguu mitupu, kisha gari lililosimama wazi kule juu bila mtu.

"Umefika saa ngapi?" nikamwuliza. "Nimengoja tangu adhuhuri. Hukusikia gari?"

"N'lilisikia tangu adhuhuri," akasema. "N'likuwa nangoja kusikia linazimwa."

Ndipo akanipa kapu.

27 Juni

Gari sijaligusa tangu litufikishe nyumbani. Tumeanza kung'oa matendegu ya kitanda, mimi na Mshamu. Mwajabu amesimama mlangoni anatuelekeza, na amezimwaga kete sitini na nne chini, anauliza tutalichonga lini bao jipya, na nani atamfundisha kucheza.